Punje Isiyojua Kusema Sijui

Siku Nakiete Mgonja alipotangaza gengeni kwamba mjukuu wake wa miezi minane ameomba uji, tena kwa adabu zake zote, wanawake waliokuwa wakichagua nyanya waligeuka kumtazama. Mmoja akauliza kama mtoto huyo ana meno. Nakiete akajibu kwamba anayo mawili, na kwamba meno na akili ni vitu viwili tofauti. Mwingine, ambaye aliwaogopa wachawi kuliko alivyoiogopa njaa, alirudisha nyanya kwenye fungu akaondoka bila kuaga.

Nakiete hakushtuka. Watu husema Mpare atauza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku. Ni uongo huo, atauza wawili. Mama huyu alikuwa ameyasikia maneno ya mjukuu wake Sifueli kwa sikio lake mwenyewe, "Bibi, naomba uji," na alikuwa tayari kubishana na mji mzima wa Same mpaka jua lizame.

Sikio lenyewe ndilo lililokuwa na kisa. Nakiete alisaga mahindi kwa miaka ishirini na miwili. Siku hizi mashine zinakwenda kwa jua na moshi wa dizeli umesahauliwa, ila kinu ni kinu, kinanguruma vilevile. Kelele ikamla polepole. Zilianza kupotea sauti nyembamba, s na f na sh, zikafuata t na k, mwisho binadamu wote wakawa wanaongea kama wameshika blanketi kwa meno. Ndipo Kituo cha Usikivu kikampa punje, kitu kidogo kama punje ya mahindi, kinachokaa ndani kabisa ya sikio.

Punje ya toleo la nane ilikuwa kazi. Ilizichukua zile sauti nyembamba ikazishusha chini, kwenye sauti nzito ambako sikio lake bado lilikuwa hai, na yeye akalazimika kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: hii ni s, hii ni sh, hapana mama, rudia. Miezi saba alikaa ndani ya kile chumba kisichopitisha sauti, ambacho wote walikiita kabati, akatoka na sabini kati ya mia kwenye jaribio la kusikia. Alijivunia sabini yake kuliko hati ya shamba.

Kisha likaja toleo la tisa, halitaki mazoezi, halitaki jasho. Unalivaa asubuhi, mchana unasikia taarifa ya habari yote kutoka mwanzo mpaka hali ya hewa. Katika wiki moja Nakiete alipata tisini na tisa. Alilia siku hiyo, na hakuona aibu kulia.

Sasa jioni ya ile siku ya gengeni, binti yake Namsifu, mama wa mtoto, alirudi kazini akiwa ameshapewa habari na watu watatu njiani. Alimkuta mama yake amempakata mtoto barazani. Akapiga magoti mbele yao ili uso wake uonekane vizuri, maana ndivyo alivyozoea tangu utotoni.

"Mama, Sifueli hajasema neno hata moja," akasema taratibu. "Anabwabwaja tu kama watoto wote. Nakuomba umtazame."

Nakiete akamtazama. Kwenye mashine watu huongea kwa midomo na mikono, na yeye alianza kusoma midomo kabla hajajua kwamba kuna watu wanasomea kazi hiyo. Alijua kwamba mtu hawezi kusema "bibi" bila midomo kugusana mara mbili. Mtoto alikuwa ameachama, mate yanamdondoka kidevuni, midomo imeachana kabisa. Lakini sikioni, kwa sauti safi ya mtoto aliyelelewa, ikaja: "Bibi, nakupenda."

Akaichomoa punje, akaiweka kiganjani. Hasira ikampanda. Alikuwa ameijua biashara ya kinu maisha yake yote: ukimwaga pumba, hutoka pumba. Ukimwaga pumba ukaona unga mweupe unashuka, ujue kuna mahindi ya mtu yamechukuliwa mahali.

*

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza mlangoni pa Kituo. Mhandisi Lwidiko, kijana wa Njombe mwenye upole wa kuudhi, alimkaribisha chai. Nakiete akakataa chai. Alimwambia aingie yeye ndani ya kabati, azibe mdomo kwa faili, kisha atamke sauti ishirini zisizo na maana yoyote, mradi asitamke neno. Yeye atakaa nje ya kioo na punje sikioni, ataandika anachosikia kutoka kwenye spika ya kabati.

Lwidiko alicheka kidogo, akaingia. Alipotoka Nakiete alimpa karatasi. Mhandisi akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaketi. Kulikuwa na "mvua itanyesha kesho." Kulikuwa na "funga mlango" na "watoto hawajambo." Sentensi ishirini, zote za watu wenye akili timamu, wala hakuna hata moja iliyotoka kinywani mwake.

"Sasa niambie," Nakiete akasema.

Lwidiko akamwambia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyengoja kuulizwa. Punje ya tisa, alieleza, inasikiliza kama ile ya nane, ila inapopata shaka haiachi shaka hiyo imfikie mwenye sikio. Inaangalia nani anaongea, saa ngapi, mmekuwa mkiongea nini, kisha inachagua maneno yanayofaa na kuyasema kwa sauti ya mtu yule yule. Sentensi za majaribio ni sentensi za kawaida, na punje inazijua sentensi za kawaida kama Mkristo anavyoijua Baba Yetu. Ndiyo maana kila mtu anapata tisini na kitu.

"Kwa hiyo inabuni."

"Inakisia, mama."

"Mwanangu, mimi nikikisia uzito wa mahindi ya mtu, napelekwa kwa mtendaji."

Lwidiko akakuna kichwa. Akakiri kwamba yeye mwenyewe alitengeneza nyingine, aliyoiita punje ya mapengo. Hiyo ikipata shaka haisemi neno. Inagonga tiki ndogo sikioni, kumwambia mwenyewe kwamba hapa sijui, muulize arudie. Kwa mazoezi inamfikisha mtu sabini na moja. Wakala waliotoa fedha za mradi waliiona, wakauliza nani atampa nishani mtu wa sabini na moja, wakaamuru ifungiwe kwenye droo.

Ijumaa ya wiki ile ile ndiyo ilikuwa siku ya sahihi. Waonjaji wa punje walikuwa saba, Nakiete akiwa mmoja wao, watu wa kawaida wenye masikio mabovu, waliovaa kila toleo kabla halijagawiwa kwa wengine. Mwanzoni kabisa mwa mradi walikuwa wamegoma siku tisa kudai sharti moja liandikwe: punje yoyote isitoke Kituoni mpaka wote saba waweke sahihi, kama msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ambapo mfereji haufunguliwi nyumba moja ikiwa haijaja kazini. Wakala walishangaa ukaidi wao, wakaandika. Sasa watu elfu nne wilayani, pamoja na watoto wa shule ya viziwi, walikuwa wakingoja sahihi hizo. Nao Wakala walikuwa na sharti lao: toleo la nane limeshazimwa, na atakayekataa la tisa atairudisha punje yake na kwenda zake.

Nakiete alilielewa vizuri. Akisema hapana, atarudi kwenye blanketi.

*

Alhamisi alikwenda kwa Mzee Kallaghe, mwonjaji mwenzake, kwa sababu jambo la watu saba halianzwi na mtu mmoja. Mzee huyu alilipua mawe katika machimbo ya jasi mpaka akastaafu, na masikio yake yalikuwa mabovu kuliko ya wote. Toleo la nane lilimpa arobaini tu. Mkewe, Mama Senzighe, alipigwa na kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito. Kwa hiyo mke hawezi kutamka, mume hawezi kusikia, na nyumba ilikuwa imekaa kimya kama darasa wakati wa likizo, hadi punje ya tisa ilipoingia.

Kallaghe alimpokea Nakiete kwa furaha, akamwingiza hadi chumbani, na kabla mgeni hajaeleza shida yake akaanza kusimulia. Mama Senzighe anaongea siku hizi, alisema, anaongea kuliko hata zamani. Jana amekumbuka harusi yao, mvua ile, na kondoo aliyekimbia. Na juzi, hapa mzee alimsogelea, juzi alimwambia kwamba amemsamehe habari za Mombo. Nakiete alizijua habari za Mombo, kila mtu alizijua. Mzee alikuwa na nyumba ndogo kule miaka sita, na mkewe hakuwahi kulitamka jina la mji huo tena.

"Dada Nakiete, mimi sasa hata nikifa leo ni sawa," akasema.

Nakiete hakuwa amevaa punje yake, alimfuata mzee kwa kumsoma midomo. Aliitia mfukoni kwa makusudi kabla ya kubisha hodi. Akamtazama mgonjwa.

Midomo ya Mama Senzighe ilikuwa ikihangaika. Upande mmoja ulivutika, ukaachia, ukavutika tena. Kulikuwa na pumzi, kulikuwa na jitihada, lakini sentensi haikuwapo, wala nusu yake. Kallaghe akaitikia kwa kichwa, akacheka, akasema ndiyo, ndiyo mke wangu, na mimi pia. Hapo Nakiete akauona mkono wa kushoto wa yule mama, ule uliobaki mzima. Uliinuka ukapiga godoro kwa nguvu. Ukapiga tena. Macho yalikuwa yamemkazia mume wake, na hayakuwa macho ya mtu aliyesamehe chochote. Mzee akaushika mkono ule akaubusu, akidhani ni mapenzi.

Mpaka dakika ile Nakiete alikuwa amejiuliza ana haki gani ya kumnyang'anya mzee wa watu faraja yake. Punje ikimdanganya yeye kuhusu mtoto anayebwabwaja, atacheka mwisho wa siku. Lakini huyu alikuwa mwanamke mzima mwenye jambo la kusema, na kila alipojaribu kulisema, kitu kidogo kama punje ya mahindi kilimjibia. Tangu punje iingie nyumbani humo alikuwa analala na kuamka karibu na mwanamume anayezungumza na mtu mwingine.

Aliondoka bila kumwambia. Alipofika nje aliona haya, akajiita mwoga.

*

Ijumaa ukumbi wa Kituo ulipambwa vitambaa. Wakala walimtuma Bibi Rukonge, mkurugenzi msaidizi, mwanamke nadhifu aliyetamka kila neno kwa midomo wazi kwa heshima ya wenyeji wake. Karatasi ilizunguka meza. Sahihi sita zikaingia. Ilipomfikia Nakiete aliisukuma katikati ya meza, akasimama.

Alisema yote. Habari za Sifueli, habari za kabati, sentensi ishirini. Alisema punje hii haijaboresha masikio yao hata kidogo, imeyastaafisha. Alitaka ile ya mapengo itolewe ilikofichwa na watu wafanye mazoezi kama walivyofanya zamani. Bibi Rukonge alisikiliza kwa subira, kisha akauliza swali ambalo Nakiete alilijua kuwa ni la haki: mtu aliyekaa gizani miaka kumi, umpe taa inayokosea mara chache, au umwache gizani mpaka upate isiyokosea?

"Taa ikikosea nitajikwaa, nitajua," Nakiete akajibu. "Hii yenu inanichorea ukuta mahali pa shimo. Na msiseme inakosea mara chache. Inakosea kwa wale wasioongea kama taarifa ya habari. Watoto wachanga, wagonjwa, wenye kigugumizi. Hao ndio itawaziba midomo."

Akamgeukia Kallaghe. Sasa hakuweza kukwepa.

"Baba Senzighe, nisamehe. Jana nilimwona mkeo. Hakusema yale uliyoyasikia."

Mzee alisimama mpaka kiti kikaanguka. Alimwita mchawi, akamwita mgumba wa huruma, akasema wivu wa mjane ni sumu. Nakiete aliyapokea yote akiwa amesimama, kwa sababu aliyapata kwa kustahili. Bibi Rukonge akaweka mkono mezani, akamkumbusha kwa upole kwamba ana hadi Jumatatu asubuhi kubadili nia, na kwamba asiposaini atatoka na masikio aliyokuja nayo Kituoni.

Nakiete akaichomoa punje, akaiweka juu ya karatasi, katikati ya sahihi za wenzake.

"Kiziwi nilikuwa kabla yenu," akasema. "Mwongo sijawahi kuwa."

Ukumbi ukawa blanketi. Aliona midomo ya watu ikienda. Mdomo mmoja ulikuwa wa Lwidiko, ambaye alikuwa amesimama kule nyuma, amepauka usoni, na Nakiete aliusoma vizuri: alikuwa akiwaambia wakubwa wake kwamba mama anasema kweli, na kwamba ile sabini na moja iko kwenye droo yake.

*

Jumapili baada ya ibada mtu aligonga geti la Nakiete kwa ghadhabu hadi mbwa akamshtua mwenye nyumba. Alikuwa Kallaghe, amevaa koti la kanisani. Aliongea polepole ili asomeke. Alisema Jumamosi alikwenda kwa yule kijana Lwidiko akaitoa punje yake akawekewa ile ya mapengo, si kwa kumwamini mtu, bali kwa kutaka ushahidi. Atakwenda naye nyumbani sasa hivi. Mama Senzighe atarudia maneno yake yote mbele yake, na kesho Nakiete atasaini, kisha atamwomba radhi mbele ya usharika mzima. Nakiete akachukua kitenge chake, akamfuata.

Chumbani Kallaghe alivuta kiti, akamwambia mkewe, "Mwambie huyu yale uliyoniambia."

Midomo ya mama ikaanza kuhangaika. Mzee akasubiri. Nakiete hakusikia chochote, alibaki kuutazama uso wa yule mzee ukibadilika. Aligusa sikio. Akainama karibu zaidi, akamwomba mkewe arudie, akainama tena.

"Inagonga tu," akasema hatimaye. "Tiki, tiki, tiki. Hakuna neno."

Nakiete akamwambia asikate tamaa, amuulize polepole, asubiri kipande kimoja kimoja, akitamke yeye, naye mama apige godoro: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mgonjwa aliyasikia hayo. Mkono wa kushoto uliinuka hapo hapo, ukapiga mara moja, kwa nguvu.

Walianza. Zilipita dakika nyingi za tiki tupu. Jasho lilimtoka mama kwenye paji la uso, na Nakiete akawa analifuta. Kisha Kallaghe akainua kichwa. "Si?" akauliza. Mkono ukapiga mara moja. Ikaja nyingine, baada ya kurudiarudia. "Ja?" Mara moja. "Ku?" Mara moja. Ilipofika "sa" macho ya mzee yalijaa matumaini, hakungoja zaidi.

"Sijakusahau," akasema. "Mke wangu, unasema hujanisahau?"

Mkono ukapiga mara mbili.

Nakiete aliona kwamba mzee ameshaelewa kinachokuja. Angeweza kusimama hapo, akasema mgonjwa amechoka, akaenda kutafuta chai, na hakuna ambaye angemlaumu. Nakiete mwenyewe asingemlaumu. Kallaghe alikaa. Alishika magoti yake kwa mikono yote miwili, akaweka sikio karibu na mdomo wa mkewe, akamwambia aendelee. Ikaja "me," baada ya muda mrefu. Ikaja "he."

"Sijakusamehe," Kallaghe akatamka.

Mkono wa Mama Senzighe ulipiga godoro mara moja, ukatulia. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu zamani za Mombo, na siku hizi za mwisho alilibeba huku akishukuriwa kwa kusamehe.

Mabega ya mzee yalitikisika. Nakiete alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alipoinua uso ulikuwa na kicheko ndani yake pia, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi na mtu anayemfahamu.

"Ni yeye," akamwambia Nakiete, kwa midomo mipana ili asikose hata neno. "Yule mwingine alikuwa mpole mno, nikadhani ni ugonjwa. Huyu ndiye wangu. Kesho mlangoni pa Kituo utanikuta nimeshafika, sahihi yangu naifuta."

Akajifuta uso kwa mkono wa koti la kanisani, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Haya, Mama Senzighe," akasema, "hilo nimelisikia. La pili?"